Eda Katika Nyumba Iliyokuwa Ofisi

Simu ya Swaleh ilinikuta nimesimama juu ya stuli, nyumbani kwa binti yangu Saumu, Kilifi, penseli mdomoni na utepe wa kupimia mkononi. Saumu alikuwa amehamia nyumba ya kupanga, na kila dirisha lilikuwa na blaindi, yale mapazia ya vibati vyembamba yanayofunguliwa na kufungwa kwa kamba. Mwenye nyumba alikuwa amekataza yasiondolewe. Saumu hakuyapenda. Alisema yameifanya sebule yake kama benki, kwamba mgeni akikaa anaonekana kama anangoja kuitwa. Akataka tutundike mapazia ya kitambaa juu yake, na akaniita mimi kwa kuwa anajua kazi hiyo naiweza. Nilikuwa nikimweleza kwamba fimbo ya pazia sharti ipande juu ya blaindi na ipite pembeni, na vishikizo vyake vitoke ukutani kidogo ili kitambaa kisinase kwenye vibati, simu ikalia. Swaleh hana desturi ya kunipigia. Alinisalimu, akauliza hali za watoto, kisha akasema, "Mama ametangulia. Alfajiri ya leo. Aliacha neno kwamba uwe miongoni mwa watakaomwosha." Nikamwambia nakuja. Nikashuka kwenye stuli, nikampa Saumu penseli.

Bi Mwanaisha hakuwa mama yangu mzazi, na kwa hesabu ya watu hakuwa tena mama mkwe wangu. Mwanawe Athmani, ndugu yake Swaleh, alikuwa mume wangu wa kwanza, na alifariki mimi nikiwa msichana tu, ndoa yetu haijamaliza mwaka. Tangu hapo nimeolewa tena, nimezaa, na nywele zimeniota mvi. Kwa hiyo tulipofika Malindi, nyumbani kwa Bi Mwanaisha mtaa wa Shela, kuna wanawake vijana walionitazama wakijiuliza mimi ni nani hata nipitishwe moja kwa moja hadi chumba cha ndani. Nilishika kata, nikamwagia maji pale nilipoelekezwa nimwagie. Mwili wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyoukumbuka. Sikulia. Wale vijana walilitazama na hilo pia. Wakongwe hawakushangaa, wananijua. Jioni, watu walipopungua, Saumu aliniuliza, "Mama, kwani wewe na yule bibi mlikuwa nini?" Jibu lake lina mwaka mzima, na halielezeki mtu akiwa amesimama mlangoni anatafuta viatu vyake.

Mwaka huo mimi na Athmani tulikuwa tukikaa katika nyumba iliyokuwa ofisi. Iko Malindi, kwenye barabara ya kwenda hospitali, na kabla yetu palikuwa na kampuni ya kutembeza watalii. Watalii walipopungua kampuni ikafungwa, na mwenye jengo akaona heri apangishe kama nyumba kuliko likae tupu. Meza ziliondolewa, lakini alama za miguu yake zilibaki sakafuni, na harufu ya karatasi ilikaa makabatini kwa muda mrefu. Dirisha la mbele lilikuwa kubwa kama la duka, linatazama barabarani, na juu yake ilining'inia blaindi ya kijivu. Athmani aliipenda mno. Alikuwa fundi wa bomba, siku nzima anaingia na kutoka katika nyumba za wageni, na huko alikuwa ameziona blaindi na kuzitamani. Kila asubuhi aliivuta kamba mwenyewe, mwanga ukaingia kwa mistari, akasimama pale akinywa chai yake. Nilipomwambia mke hukaa nyumba yenye pazia, alicheka. "Pazia la nini," akasema, "na dirisha lina nguo yake tayari?" Mimi nilitoka Ganze, dirisha la nyumbani kwetu lilikuwa ubao wenye bawaba. Nikaona yeye ndiye ajuaye.

Ukitazama kwa makini, blaindi ile ilikuwa imechoka. Vibati kadhaa vilikuwa vimepinda katikati, pengine kwa vidole vya makarani waliokuwa wakichungulia nje, na hata ikifungwa kabisa ilibakiza nyufa. Upepo ukivuma ilikuwa ikigongagonga ukuta. Hayo yote niliyaona baadaye, nilipokuwa sina jingine la kutazama.

Athmani alianguka kutoka kwenye mnara wa tangi la maji. Alikuwa juu akitengeneza bomba, katika nyumba moja karibu na ufuo, na ngazi ikateleza. Waliokuja kuniambia walinikuta nafua. Nakumbuka nilimaliza kusuuza shati lililokuwa mkononi, nikalikamua, nikalianika, ndipo nikauliza wamempeleka wapi. Hilo shati lilisemwa sana baadaye. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya Alasiri. Nyumba ilijaa wanawake, vilio vikapanda na kushuka, na mimi nilikuwa nimekaa katikati yao nikisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua ikinyesha kwenye paa la jirani. Nilijua ni mume wangu. Nilijua harudi. Nilingoja machozi kama mtu anavyongoja chafya ambayo haiji.

Mjane wa Kiislamu hukaa eda: miezi minne na siku zake kumi hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato, haonekani na wanaume wasio maharimu wake. Nilikuwa nimesilimu ili niolewe na Athmani, jina langu la Kadzo likawa Rukia, na mambo mengi nilikuwa bado najifunza. Bi Mwanaisha alihamia kwangu anifunze hili. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa maneno. Nilipoolewa hakunipinga wala hakunishangilia. Alinitazama siku ya kwanza akasema, "Unajua kukuna nazi?" Nikasema najua. "Vizuri," akasema, na mazungumzo yetu kwa miezi ile yote ya ndoa hayakuzidi sana hapo. Sasa alikuja na mkeka wake na kanga zake mbili, akalala chumbani kwangu, upande wa mlangoni. Kila siku baada ya Alasiri alikwenda kwake Shela kumpikia baba mkwe, ambaye wakati huo huwa barazani msikitini mpaka Isha, kisha Bi Mwanaisha akarudi kwangu giza linapoingia. Hapo kwangu sikumwona akilia hata mara moja. Nikadhani tumefanana.

Wiki ya kwanza haijaisha, akarudi kutoka Shela na Swaleh, mwanawe mkubwa, amebeba furushi la mapazia begani. Shemeji si maharimu, kwa hiyo niliingia chumbani, mlango ukafungwa nusu na kanga ikatundikwa pale palipobaki. Nikakaa kitandani. Nilisikia ngazi ikisimamishwa, kisha nyundo. Ukuta ule ulikuwa wa matumbawe na chokaa, na msumari wa kwanza uliangusha kipande cha plasta sakafuni.

"Mama, si tuyang'oe tu haya mabati," Swaleh akasema. "Kisha pazia likae mahali pake."

"Mwenye nyumba amekataza. Tundika juu yake."

"Kuna haja gani? Si yakifungwa hayaonyeshi?"

"Yanaonyesha. Nimesimama barabarani nikatazama. Ukipita polepole unamwona mtu alivyokaa."

Nyundo ikagonga, ikanyamaza. Walijaribu kwanza waya, ule wa kuvutika, lakini dirisha lilikuwa pana na kitambaa kizito, waya ukalegea katikati na mapazia yakalalia blaindi. Nilisikia vibati vikilia. Wakaushusha. Swaleh akatoka, akarudi na ufito wa mkoko, akaupasulia vishikizo vya mbao ili utoke mbele ya blaindi. Kazi ilichukua muda. Katikati ya kupiga misumari akasema, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Na wakimwona kuna nini? Yumo ndani ya nyumba yake. Watu wanasema hajalia, Mama. Tangu siku ile hajatoa chozi. Alikuwa anaanika nguo. Mke gani huyo ambaye—"

"Swaleh," Bi Mwanaisha akasema. "Piga msumari."

Akapiga. Kazi ikaisha. Swaleh alipoondoka nilitoka chumbani. Mapazia yalikuwa ya kijani kizito, yamefifia penye mikunjo, marefu kuliko dirisha hata yakagusa sakafu. Niliyainua nikaona blaindi nyuma yake, imefungwa, kama ilivyokuwa. Kitambaa kilikuwa na harufu ya jua, na chini ya harufu ya jua palibaki kidogo harufu ya udi, kana kwamba mtu alikuwa ameyaanika makusudi ili itoke. Nikauliza, "Mama, umeyapata wapi?" Akasema, "Yalikuwapo." Akaenda jikoni.

Basi nikaishi nyuma ya vitu viwili. Mchana jua likipiga mbele ya nyumba, mwanga ulipenya kwenye nyufa za blaindi ukachora mistari juu ya kitambaa kwa upande wa pili, na mistari hiyo ilitambaa polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Niliitazama. Watu wakiniuliza leo nilikuwa nawaza nini miezi ile, nawaambia ukweli, nilikuwa natazama mistari. Joto lilikuwa kali, upepo ulipita kwa shida. Tulikula mezani pa watu wa ofisi, meza moja waliyoiacha kwa kuwa haikupita mlangoni: muhogo kwa nazi, samaki wa kukaanga, mara nyingine mbaazi na mahamri yaliyoletwa na majirani. Sikuonja kitu. Nilikula kwa kuwa sahani iliwekwa mbele yangu na Bi Mwanaisha alikaa mkabala mpaka niimalize. Hakuwahi kuniambia nijikaze, wala nilie, wala nisilie. Wanawake wa mkono wa pole walipokuja, aliwakalisha chumba cha mbele, mimi nikiwa ndani na mlango wazi kidogo, na akawapokea yeye. Wakiuliza, "Mjane anaendeleaje?" alijibu, "Yumo." Nilikuwa nikilisikia neno hilo kila siku. Yumo. Hakuwadanganya na hakuwapa kitu.

Wao kwa wao walikuwa wakisema. Bi Mwanaisha akienda kukoroga uji, sauti zilishuka na mimi nikazisikia vizuri zaidi. Mmoja akasema Wagiriama wao hulia kwa ngoma, labda huyu anangoja ngoma. Mwingine akasema msimseme, huenda amebeba. Hapo wote wakanyamaza, na kunyamaza kwenyewe kulikuwa kwa namna nyingine.

Ni kweli kwamba siku zangu zilikuwa zimechelewa. Bi Mwanaisha aliniuliza siku moja, bila kunitazama, akiwa anafagia. "Umeona siku zako?" Nikasema bado. Akaendelea kufagia pale pale alipokwisha kufagia. Kuanzia hapo mambo yakabadilika kidogo. Akaanza kuniletea supu ya samaki asubuhi. Akanikataza kuinua ndoo. Swaleh akaleta tende na maembe, akayaacha mlangoni, na akapiga hodi kwa adabu ambayo sikuwa nimeisikia kwake kabla. Wanawake wakaja na sauti laini. Jioni moja Bi Mwanaisha aliporudi kutoka Shela alinipitishia mkono begani, mara moja tu, kama anayefuta vumbi. Nilijua wanachongoja. Hata mimi nilikuwa nangoja, ila kwa mbali, kama jambo la mtu mwingine. Nilijiambia akija mtoto huenda ataleta na hayo machozi.

Siku zangu zilikuja mwezi wa pili, asubuhi, nikifua. Nilikwenda jikoni. Bi Mwanaisha alikuwa ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, amenipa mgongo. Nikasimama mlangoni nikamwambia, "Mama, nimeona siku zangu." Hakugeuka. Mkono wake haukusimama. Aliendelea kukuna, nazi ikaisha, naye akaendelea, nikasikia meno ya mbuzi yakikwaruza kifuu, na vumbi la kahawia likaanza kudondokea kwenye nazi nyeupe ambayo tungeipikia. Nilisogea nikakishika kifuu kile, nikakitoa mkononi mwake taratibu. Aliachia. Akatazama sinia, akasema, "Nazi hii imeharibika." Nikasema, "Nitakuna nyingine." Akainuka akanipa nafasi. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimpikia mimi tangu msiba, na alikula, na hatukuligusa tena jambo lile.

Habari ilifika kwa wengine bila kutumwa. Maembe yakakoma. Siku chache baadaye nilimsikia mwanamke mmoja chumba cha mbele akisema polepole, "Basi hana chetu." Mwenzake akaitikia, "Hana. Amalize eda aende kwao." Nilikuwa nakunja nguo. Niliona walichosema ni sawa, kama mtu anavyoona kuwa leo ni Jumatatu.

Mama yangu mzazi alikuja mwezi wa tatu. Kule Ganze ukame ulikuwa mkali mwaka huo, maji yalikuwa mbali, na alikuwa ameshindwa kuja baada ya mazishi kwa kuwa hakuna wa kumwachia wadogo zangu. Alifika alasiri moja, akakuta mlango umefungwa na dirisha limefunikwa, akaita jina langu la zamani barabarani. "Kadzo." Nikamfungulia. Aliingia, akasimama katikati ya chumba akiyazoeza macho yake na giza. Alinishika uso kwa mikono yote miwili, akaugeuza huku na huku.

"Mayo, karibu," nikamwambia. Mayo ndivyo tunavyomwita mama kwetu.

"Nani amekufungia humu?"

"Sikufungiwa. Ni eda."

Akaenda dirishani, akalivuta pazia, akakuta vibati nyuma yake. Akakivuta kimoja kwa kidole, akachungulia barabara, akakiachia. "Hata dirisha lina mifuniko miwili," akasema. "Kwehu Ganze mfiwa hukaa nje, watu wakamwona, wakalia naye. Wewe umewekwa kama kuku anayeatamia. Unaatamia nini?"

Akakaa kitini, akavua viatu, miguu yake ilikuwa imepasuka na ina vumbi jekundu. Nikamletea maji. Aliyanywa yote kabla ya kusema tena, na safari hii sauti ilikuwa imeshuka.

"Nimeanzia huko Shela," akasema. "Nilidhani utakuwa kwa wakwe. Nikaelekezwa nyumba. Sikubisha hodi, haikuwa na haja, dirisha la mbele li wazi, halina hata kitambaa. Nimemkuta yule mama mkwe wako peke yake, amekaa chini, analia. Si kulia kwa mchezo, Kadzo. Watu wanapita uchochoroni wameinamisha vichwa. Kuna mtoto alisimama kutazama, jirani akamvuta sikio. Nikamuuliza huyo jirani, mbona hamtundiki kitu pale? Akaniambia, mapazia yake aliyatoa akampelekea mkwewe. Kila alasiri huwa hivyo, akimaliza huosha uso akapika."

Nikayatazama mapazia. Nilikuwa nimeingia nyumba ya Shela mara chache, na kila mara nilipitishwa nyuma, kwa wanawake. Sikuwahi kukaa chumba cha mbele.

"Kwa nini asifunge dirisha la mbao?" nikauliza. Ndilo swali lililonijia.

"Kwa joto hili? Angekufa." Mama akavuta pumzi. "Nimekuja kukuchukua. Hawa hawana haja nawe, na mtoto hakuna, hilo nimelisikia pia. Twende nyumbani. Utalala nje ya nyumba ukitaka."

Bi Mwanaisha alirudi kabla jua halijazama. Uso wake ulikuwa umeoshwa, hata ukingo wa buibui ulikuwa na maji. Alimwona mama yangu, akasimama, akamsalimu kwa heshima zote, akamuuliza safari, mifugo, mvua. Wakakaa wakitazamana. Mama yangu akasema alilokuja kusema, kwa ufupi, kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa kifupi. Bi Mwanaisha akamsikiliza mpaka mwisho.

"Ni mwanao," akasema. "Siwezi kumzuia. Sheria inamtaka amalize, na mimi ningependa amalize, lakini sitafunga mlango." Kisha akaongeza, "Dada yangu, mimi sikumtundikia mapazia afichwe asionekane kwamba ni mjane. Watu walikuwa wakija kumtazama macho kama yana maji. Nikaona wakitazama sana, ataanza kulia kilio cha kuwapa. Hilo sikulitaka kwake."

"Na wewe?" mama yangu akauliza.

"Mimi nalia," Bi Mwanaisha akasema. "Mimi sina neno."

Wakanigeukia mimi. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini nilisema nilichosema, na watu hupenda niseme ilikuwa mapenzi. Sikuyasikia mapenzi. Sikusikia kitu. Niliwaza tu kwamba nikiondoka, huyu mwanamke atakuja kuyashusha mapazia peke yake, na ufito ule ni mrefu, unahitaji mtu kila upande. "Nitamaliza, mayo," nikasema. Mama yangu aliitikia kwa kichwa. Alilala kwetu siku hiyo, kwenye mkeka mmoja na Bi Mwanaisha, na asubuhi kabla ya kuondoka aliliweka sawa pazia alilolivuta jana, akalinyoosha kwa kiganja toka juu hadi chini.

Siku ya kutoka eda niliogeshwa, nikavalishwa nguo mpya. Wanawake walikuja wachache, wakala, wakaenda. Walipokwisha kuondoka, mimi na Bi Mwanaisha tukapanda, yeye kwenye meza ya ofisi, mimi kwenye kiti, tukaushusha ufito. Mapazia yalikuwa yamekula vumbi. Niliyafua mwenyewe, na ilichukua siku nzima kukauka. Nilipoivuta kamba ya blaindi chumba kikawa na mwanga mwingi hata sikujua nitazame wapi, na nikaona ni chumba kidogo tu, chenye alama za meza sakafuni. Nikaifunga nyumba ile, ufunguo Swaleh akaurudisha kwa mwenyewe. Sikwenda Ganze, na hakuna aliyeniuliza tena lini naenda. Nilijitwika furushi la mapazia, nikamfuata Bi Mwanaisha Shela kwa miguu. Jua lilikuwa kali. Watu walinisalimu njiani nami nikawaitikia, na nilishangaa kwamba sauti yangu inatoka kama ya mtu yeyote.

Chumba chake cha mbele kilikuwa kama mama alivyosema. Dirisha tupu, pasi kitu, na uchochoro ukiwa karibu kiasi kwamba mpita njia angeweza kuegesha kikapu chake ndani. Vishikizo vyake vilikuwa bado vipo ukutani. Tuliyapitisha mapazia kwenye fimbo, yeye upande wake na mimi wangu, tukainua, tukaweka. Hapakuwa na blaindi ya kukwepa, kwa hiyo kazi ilikuwa nyepesi. Aliyavuta yakakutana katikati, chumba kikawa cha kijani, na sauti za uchochoroni zikarudi nyuma kidogo. Ndipo akakaa chini, mgongo ukutani, akalia. Alilia mbele yangu kwa mara ya kwanza, kwa sauti, kinywa wazi, akimwita Athmani kwa jina la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia. Niliketi kando yake. Macho yangu yalikuwa makavu, na hakuyatazama. Sikumwambia anyamaze, sikumwambia Mungu amependa. Nilikaa tu, bega langu limegusa lake, mpaka lile jambo likapungua ndani yake, likaisha. Alijifuta uso kwa ukingo wa kanga, akayatazama mapazia. Baba mkwe angerudi baada ya Isha akiwa na njaa.

"Mchele umeuchagua?" akaniuliza.

"Bado, Mama."

"Ulete."

Nikaleta ungo, tukakaa kila mtu upande wake, tukaanza kutoa mawe.